Kompyuta ikinyamaza au kuganda



Kompyuta ikikosa sauti, msiseme mara moja ni virusi. Tazameni kwanza kama waya wa spika umeingia kwenye tundu la kijani, na kama alama ya spika kwenye kioo haina alama ya X. Mara nyingi ni hilo tu.

Lakini ikiganda kila mara, na folda za flashi yako zimeota mshale mdogo, hapo shuku virusi. Tafadhali usiifomati! Mimi niliifomati yangu, barua zangu za shule zikaenda nazo. Kumbe mara nyingi mafaili huwa yamefichwa tu. Usibonyeze mshale ule, wala usiichomeke kwenye mashine nyingine. Niletee tuisafishe. Hakuna atakayegombezwa.