UTAISHI MIAKA MINGAPI? JEDWALI LA VIFO SI RAMLI

Mazungumzo kwa klabu za afya za shule za sekondari, Arusha



Leo tuongee habari za kifo. Najua wengine wameshaguna. Kwetu kifo hakitajwi-tajwi hovyo, hasa mbele ya vijana. Lakini wataalamu wa takwimu wanahesabu vifo ili kujua uhai, na hesabu yenyewe ni kujumlisha na kugawanya tu.

Mmeshasikia redioni maneno haya: "wastani wa umri wa kuishi wa Mtanzania". Sensa ya 1988 ilitoa takriban miaka 50. Sensa ya 2002 ikatoa miaka 51, na ile ya 2012 ikatoa miaka 61. Sasa kijana akisikia 51 anasema: "Kumbe nikifika 51 ndiyo basi! Ya nini kujinyima? Acha tule ujana." Wapo wanaosema hivyo kwa mzaha, na wapo wanaoamini kabisa. Wote wamepotea, na nitawaonyesha kwa nini.

Punje kumi za mahindi

Chukua punje 10 za mahindi, ziweke juu ya dawati. Kila punje ni mtu, na mfano huu nimeutunga mimi. Punje 2 zinakufa zikiwa na mwaka mmoja. Punje 1 inakufa ikiwa na miaka 30, nyingine 1 miaka 45. Zilizobaki 6 zinafika miaka 70.

Jumlisha miaka yote waliyoishi: 2, na 30, na 45, na 420. Unapata 497. Gawanya kwa 10, jibu ni karibu 50. Huo ndio wastani wa umri wa kuishi wa kundi hili tangu kuzaliwa. Sasa angalia vizuri: nani amekufa na miaka 50? Hakuna hata mmoja!

Haya, waondoe wale watoto 2. Waliobaki 8 waliishi jumla ya miaka 495. Gawanya kwa 8, unapata karibu 62. Kwa hiyo mtu wa kundi hili akishafika miaka 15 kama wewe, anatarajiwa kufika 62, siyo 50. Wastani ulivutwa chini na watoto wachanga. Wewe kizingiti hicho ulishakivuka zamani.

Jedwali linatengenezwaje?

Kazi hii ilianzia mbali. Mwaka 1662 John Graunt wa London alikusanya orodha za mazishi za jiji lake akazifanyia hesabu. Mwaka 1693 Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, akatengeneza jedwali la mji wa Breslau. Mpaka leo njia ni ileile, na kampuni za bima ya maisha zinaitumia.

Unaanza na watoto 1,000 wanaozaliwa. Unauliza: wangapi hawatafika mwaka mmoja? Unatoa. Wangapi hawatafika miaka mitano? Unatoa tena. Unaendelea hivyo kwa kila rika mpaka asibaki mtu. Kisha unajumlisha miaka yote waliyoishi, unagawanya kwa 1,000.

Tujaribu hatua za kwanza kwa takwimu za Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000, 147 walikufa kabla ya kufika miaka mitano. Wakabaki 853. Utafiti wa 2022 ulionyesha vifo 43 tu. Wakabaki 957. Tofauti ni watoto 104 katika kila 1,000, yaani zaidi ya madarasa mawili ya wanafunzi 50. Chanjo, vyandarua na huduma za kliniki zimefanya kazi.

Waliokufa wanahesabiwaje?

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kisheria kila kifo kiandikishwe, na RITA ndiyo wakala wa kazi hiyo. Lakini mzee akifia nyumbani kule Ngarenanyuki, akazikwa shambani kwake, mara nyingi hakuna anayekwenda kuandikisha. Kwa hiyo sensa inauliza kila kaya kama kuna aliyefariki katika miezi 12 iliyopita. Akina mama nao wanaulizwa wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Kutokana na majibu hayo wataalamu wanakadiria.

Majirani zetu wa Hai, wakati ule wakiwa wilaya moja na Siha, walishiriki kazi kubwa zaidi. Kuanzia 1992 Wizara ya Afya, pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, walifuatilia vifo katika maeneo matatu: Hai, Morogoro Vijijini na sehemu za Dar es Salaam. Wahesabu walipita nyumba kwa nyumba. Palipotokea kifo, mtumishi wa afya alikwenda kuzungumza na ndugu wa marehemu: aliumwa nini, alikohoa, aliharisha, alipata ajali? Kwa maelezo hayo sababu ya kifo ilikadiriwa.

Matokeo ya miaka mitatu ya kwanza yalichapishwa mwaka 1996. Waliuliza swali linalowahusu ninyi hasa: kijana wa miaka 15, je, atafika 60? Kwa viwango vya vifo vya wakati ule, kati ya wavulana 100 wa Hai, 37 wasingefika. Dar es Salaam 47, Morogoro Vijijini 58. Kwa wasichana ilikuwa 26 Hai, 45 Dar es Salaam na 48 Morogoro. Katika nchi tajiri ilikuwa wavulana 15 na wasichana 7 tu.

Fikirini, hawa hawakuwa watoto wachanga. Ni watu waliovuka surua na malaria ya utotoni, wakasomeshwa, wakaanza kulea familia, halafu wakaondoka. UKIMWI ulikuwa mstari wa mbele, pamoja na kifua kikuu, malaria na ajali. Kila mmoja wao aliacha shamba, au darasa, au watoto.

Ni picha, siyo unabii

Sikilizeni neno hili kwa makini. Jedwali la vifo linasema: "Kama viwango vya vifo vya leo havitabadilika, itakuwa hivi." Neno kubwa hapo ni kama. Ni sawa na picha ya basi barabarani. Inaonyesha basi lilipo, haisemi dereva atakata kona wapi.

Mtoto aliyezaliwa mwaka 2002 alikadiriwa miaka 51. Lakini mambo hayakusimama palepale. Kuanzia 2003 kiwanda cha A to Z hapahapa Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vyenye dawa ndani ya nyuzi zake. Kuanzia 2004 dawa za ARV zilianza kutolewa bure. Ndiyo maana miaka kumi baada ya sensa ya 2002, makadirio yalikuwa yameshapanda hadi 61. Jedwali halikukosea. Watu walibadilisha yale yaliyopigwa picha.

Tena jedwali halisemi kila kitu. Linahesabu aliye hai na aliyekufa, basi. Ninyi wa Maji ya Chai na vijiji vingine vya Meru mnajua meno ya kahawia. Ni madini ya floridi yaliyozidi kwenye maji, na yakizidi sana hupinda hata mifupa ya mtoto. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulikia namna ya kuyapunguza. Mtu mwenye mifupa iliyopinda anaweza kuishi miaka 70, na jedwali likamwandika sawa na mwenzake mzima. Kwa hiyo tusiulize tu "miaka mingapi?" Tuulize pia "miaka ya namna gani?"

Sasa wewe?

Jedwali haliwezi kukuambia wewe binafsi utakufa lini. Linaongea juu ya kundi. Lakini kundi lenyewe ni ninyi, na hatari za rika lenu zinajulikana. Pima VVU, na ukikutwa navyo anza dawa mapema wala usiziache. Ukikohoa wiki mbili, nenda kituo cha afya upimwe kifua kikuu. Ukipanda bodaboda, vaa kofia ngumu, na usikubali kupakiwa mishikaki. Dada akipata ujauzito, aende kliniki mapema na akajifungulie kwa wataalamu. Na kifo kikitokea nyumbani, mkumbushe mzee akakiandikishe. Asiyeandikwa hahesabiwi, na tatizo lisilohesabiwa halipangiwi bajeti.

Yule aliyesema "nikifika 51 ndiyo basi", mpeni punje 10 za mahindi afanye hesabu mwenyewe.

Mwenye swali anyooshe mkono.