Upepo wa Njia ya Mombasa

Rafiki zetu walipotualika twende nao kwa baiskeli kutoka Nairobi hadi Mombasa, ili watu waichangie zahanati, wako waliosema ni kazi nyepesi. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600, na Mombasa iko baharini. Basi si ni kuteremka tu? Lakini barabara ile ni karibu kilomita 480, na ukiisha kupita Mtito Andei, ambapo ni kama nusu ya safari, jua ni kali, na upepo utokao baharini wakupiga usoni.

Hapo ndipo faida ya wenzi huonekana. Waendeshaji hujipanga mstari mmoja. Wa mbele huukata upepo, na walio nyuma yake hupata nafuu. Akichoka, hurudi nyuma na mwingine hushika nafasi yake. Aliye mnyonge halazimishwi kuongoza, wala haachwi Voi peke yake. (Malori nayo hayana huruma.)

Someni 2 Wakorintho sura ya 8. Makanisa ya Makedonia, maskini kabisa, yaliwachangia ndugu wa Yerusalemu. Na Paulo, mtume mzima, hakutaka kuushughulikia mchango ule peke yake, asije akalaumiwa. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili.

Basi kabla ya kutia pampu magurudumu tumechagua watatu wa kushika daftari la ahadi na fedha. Mmoja wao ni mama mzee ambaye hajapanda baiskeli maisha yake yote.