Ndizi na kipimo cha nne

Msikilizaji, zamisha ndizi wima, taratibu, katika maji ya Ziwa Victoria pale Bukoba. Kiumbe bapa kinachoishi juu ya uso wa maji tu, kisichojua juu wala chini, kingekutana na nukta, kisha duara linalotanuka, linalosinyaa, halafu hakuna kitu. Ndizi nzima hakiioni kamwe. Kikikumbuka maduara yote kwa mfuatano, kitaiunda akilini.

Nasi, tunaoishi katika vipimo vitatu, yaani urefu, upana na kimo, tuko hivyohivyo mbele ya kipimo cha nne. Edwin Abbott, mwalimu wa London, alitumia wazo kama hili kitabuni mwaka 1884. Mraba una pembe 4, mchemraba 8, na umbo linalofuata, la kipimo cha nne, 16. Macho hukomea kwenye 8, fikra huendelea.

Walimu wa Bukoba na Muleba, anzeni na ndizi kabla ya kanuni.