Hatua za Miguu kwa Ajili ya Mgonjwa

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa viungo vilivyo dhahiri na vilivyofichika. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu,

Sisi wa Moshi twaijua maana ya matembezi. Mwaka 1967 vijana wa nchi hii walitembea masafa marefu kuunga mkono Azimio la Arusha. Na katika nchi nyingine watu hufanya matembezi ya hisani kwa ajili ya ugonjwa mmoja wa ini uwapatao watoto wachanga. Ni ugonjwa wa nadra, humpata mtoto mmoja katika maelfu mengi. Mirija itoayo nyongo katika ini huziba, nyongo hurudi ndani, na ini huharibika.

Dalili zake ni tatu: macho yabakiayo ya manjano baada ya siku 14 tangu kuzaliwa, mkojo uliokoza rangi, na choo cheupe kama chokaa. Upasuaji wake ulibuniwa na daktari wa Kijapani, Morio Kasai, katika miaka ya 1950. Nao hufaa zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60.

Hapa ndipo penye mtihani wetu. Desturi humweka mzazi ndani siku 40. Akitoka, zimebaki 20 tu, na vipimo havijaanza. Mtoto akiwa wa manjano, bibi husema aanikwe juani. Jirani husema ni jicho. Nasi tulio walimu hatuna budi kukiri: tumeletewa watoto wa namna hiyo, tukawasomea, tukawaandikia kombe, wala hatukuuliza choo chao kina rangi gani. Siku zikapita. Dua ni ibada, wala hatuiachi, bali Mtume (s.a.w.) alituamrisha kujitibu. Anayeifanya dua kuwa kizuizi cha tiba ameikosea dua yenyewe.

Arobaini ni pumziko la mzazi, si kifungo cha mtoto mgonjwa. Basi matembezi yetu na yaanzie milangoni mwetu hapa Majengo, hadi zahanati, na ikilazimu hadi KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 mjini petu. Baba asingoje. Asiye na nauli achangiwe. Mwenye gari alitoe. Twataraji kila hatua iandikwe sadaka.

Ewe Mola wetu, waponye watoto wetu, utusamehe tulipochelewa. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.