Mkate wa Sufuria

 

Somo letu la leo ni la jikoni. Lakini wanaume msiondoke, maana mkate hauulizi aliyeukanda ni mume au mke. Kaeni, kila mtu na daftari lake na kalamu yake. Mwisho wa somo mtaona kwa nini nataka mwe na kalamu jikoni.

Watu wengi husema, "Mimi siwezi kuoka mkate, sina tanuri." Maneno hayo si kweli. Mkate hautaki tanuri. Mkate unataka moto wa polepole uuzunguke pande zote, chini, ubavuni na juu, nao unataka mtu mwenye subira. Sufuria mbili na jiko la makaa vyatosha.

Kwanza niwaambieni kosa langu. Nilipoanza kuoka nyumbani, mkate wangu wa kwanza ulitoka mgumu kama tofali. Nilitia hamira katika maji ya moto yaliyotoka jikoni wakati ule ule, nikidhani kwamba moto ukizidi, unga utaumuka upesi. Mkate wa pili ulitoka vizuri sana, watoto wakaumaliza kabla haujapoa. Nikajiona fundi. Mkate wa tatu ukaungua chini, na katikati ukawa mbichi. Basi nikajiuliza, siku ile ya pili nilitia maji kiasi gani? Makaa mangapi? Niliacha kwa muda gani? Sikujua. Unga ulikwisha, na fedha ya unga ikaenda nao. Nilijua kusoma na kuandika, lakini sikuwa nimeandika hata neno moja. Nalitaja kosa hilo mbele yenu ili lisiwe lenu.

Sasa nasema na wewe uliyeshika kalamu. Tuanze na hamira.

Hamira ni kitu chenye uhai. Ni jamii ya kuvu, ndogo mno, hata jicho haliwezi kuona moja moja. Katika miaka ya 1850 na 1860 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alionyesha kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hao walio hai. Hamira hula sukari, na ikila hutoa hewa. Hewa hiyo hunaswa ndani ya unga uliokandwa, nao unga hufura. Huko ndiko kuumuka.

Kwa kuwa hamira ina uhai, yaweza kufa. Maji baridi huifanya ilale. Maji ya uvuguvugu huiamsha. Maji ya moto huiua, na hamira iliyokufa haifufuki. Chovya kidole katika maji. Yakiwa kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, yanafaa. Yakikuchoma kidole, yataiua hamira.

Hamira iliyokaa sana dukani huweza kufa pia. Kwa hiyo ijaribu kabla hujagusa unga. Itie katika maji ya uvuguvugu pamoja na sukari, ungoje dakika 10. Ikitoa povu, iko hai. Isipotoa povu, itupe, utafute nyingine. Umepoteza hamira kidogo tu, lakini umeokoa unga wako.

Haya, andika vipimo. Kikombe ninachotaja ni cha mililita 250, yaani robo ya lita.

Unga wa ngano, vikombe 4. Hiyo ni gramu 500, au nusu kilo.
Maji ya uvuguvugu, kikombe 1 na robo.
Hamira ya chenga, kijiko cha chai 1 na nusu.
Sukari, kijiko kikubwa 1.
Chumvi, kijiko cha chai 1 na nusu.
Mafuta ya kupikia, vijiko vikubwa 2.

Vijiko vyote viwe sawasawa na ukingo wake, visiwe na kilima.

Hamira ikiisha kutoa povu, changanya unga na chumvi katika bakuli kubwa. Mimina maji yenye hamira, kisha mafuta. Kanda kwa dakika 10. Usidanganye saa. Unga wa ngano ukikandwa hufanya nyuzi laini zinazovutika, nazo ndizo zinazoizuia hewa isitoroke. Ndiyo maana unga wa mahindi peke yake hautaumuka namna hii, hata ukiukanda mpaka jioni, kwa kuwa hauna nyuzi hizo. Donge likiwa laini na haligandi tena mkononi, limetosha.

Paka bakuli mafuta kidogo, weka donge ndani, lifunike kwa kitambaa chenye unyevu. Liache kama saa 1, mpaka liwe maradufu. Mahali pa joto, kama pwani, litawahi. Mahali pa baridi, kama nchi za milimani, litachelewa. Basi tazama donge lenyewe, usitazame saa peke yake.

Likiisha kuumuka, libonyeze litoe hewa, livingirishe, uliweke ndani ya sufuria ndogo iliyopakwa mafuta. Lisizidi nusu ya sufuria. Lifunike tena, liache dakika 30 au 40 liumuke mara ya pili.

Wakati huo tayarisha moto. Twaa sufuria kubwa na nzito, ambayo ile ndogo itaingia ndani yake na kubakiza nafasi ya kidole kimoja au viwili pande zote. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, kina cha sentimita 2. Mchanga lazima uwe mkavu. Kazi yake ni kuuzuia moto wa chini usiurukie mkate. Mchanga hupata moto polepole na kuutoa polepole. Tafuta kifuniko cha bapa cha madini, kisicho na mpini wa plastiki wala wa mti. Kiweke juu, uipashe moto sufuria hiyo dakika 10.

Kisha ingiza sufuria ndogo, funika, na upalie makaa juu ya kifuniko. Jambo hili si geni kwetu. Wapishi wa pwani hupalia makaa juu ya wali na juu ya mkate wa kumimina, na walifundishwa hivyo na mama zao. Kanuni yake ni hii: makaa ya chini yawe fungu 1, ya juu yawe mafungu 2. Wengi hukosea hapo. Hujaza makaa chini na kuweka machache juu, mkate ukaungua tumbo na kubaki mbichi kichwani. Moto hupanda, haushuki kwa urahisi, kwa hiyo juu panahitaji makaa zaidi.

Acha dakika 40 au 45. Usifunue funue. Kila ukifunua, joto hutoka, nao mkate huchelewa. Ukifika wakati, ondoa kwanza makaa ya juu kwa koleo, futa majivu, ndipo ufunue. Utoe mkate, uugeuze, uugonge chini kwa kidole. Ukilia kama ngoma, umeiva. Ukilia mzito, kama kugonga udongo mbichi, urudishe dakika 10. Ukiisha kuiva, uweke juu ya ungo, uache upoe nusu saa kabla ya kuukata. Ndani bado unaendelea kujikausha. Mkate unaokatwa wa moto hunata kisuni.

Walio na umeme huuliza, "Je, chungu cha umeme cha kupikia polepole chaweza kuoka mkate?" Chaweza. Chungu hicho kilianzia Marekani. Irving Naxon wa Chicago alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1940, na mwaka 1971 kampuni ya Rival ikaanza kukiuza kwa jina la Crock-Pot. Naxon alieleza kwamba wazo hilo lilitokana na masimulizi ya mama yake kuhusu Wayahudi wa kijiji cha kwao Lithuania. Siku ya Sabato hawakuwasha moto. Kwa hiyo Ijumaa walipeleka vyungu vya chakula kwa mwoka mikate, wakaviweka ndani ya tanuri lake lililozimwa. Tanuri likipoa polepole usiku kucha, chakula kikaiva. Mwaona basi kwamba chungu cha umeme kilizaliwa na tanuri la mikate.

Ukitumia chungu hicho, chukua donge lile lile, uliweke juu ya karatasi ya kuokea, uwashe moto mkubwa, uache kama saa 2. Weka kitambaa kikavu chini ya kifuniko kinyonye mvuke, la sivyo matone yatadondokea mkate. Ncha za kitambaa zikunje juu ya kifuniko, zisiguse mahali pa moto. Mkate utaiva, lakini juu utakuwa mweupe, maana chungu hakina moto wa juu. Kwa rangi nzuri, sufuria yako yenye makaa inakishinda chungu cha umeme.

Nina onyo moja, nalo ni kubwa kuliko mkate. Usioke kwa makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa yanapowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huivuta bila kujua, kichwa kikamuuma, akasinzia, na asiamke tena. Wakati wa mvua tunashawishika kufunga mlango na kuingiza jiko ndani, na mkate unakaa motoni karibu saa nzima. Oka nje, au ukumbini, au mahali ambapo mlango na madirisha viko wazi. Na watoto wakae mbali na kifuniko chenye makaa.

Sasa turudi kwenye daftari. Kila siku unayooka, andika mistari 5: tarehe, unga na maji uliyotia, muda wa kuumuka, makaa ya chini na ya juu, na jinsi mkate ulivyotoka. Hesabu makaa kabla ya kuyaweka. Mkate ukiharibika, usione haya kuandika "umeungua chini." Mara nyingine punguza makaa ya chini, ubadili jambo hilo moja tu, uandike tena. Ukibadili mambo matatu kwa siku moja, hutajua lililokuponya. Mkate uliotokea vizuri kwa bahati ni wa siku moja. Ule ulioandikwa ni wako, na mwanao aweza kuuoka hata ukiwa safarini.

Kisha fanya hesabu ya fedha. Andika bei ya unga, hamira, sukari, chumvi, mafuta, na makaa uliyoyatumia. Makaa usiyasahau, maana watu wengi huyasahau ndipo wakajidanganya kwamba wamepata faida. Jumlisha. Sasa soma uzito ulioandikwa kwenye karatasi ya mkate wa dukani. Huko Kenya, kwa mfano, mkate wa gramu 400 ni wa kawaida. Mkate wako huu una uzito wa gramu 750 hivi, karibu sawa na mikate miwili ya namna hiyo. Usilinganishe mmoja na mmoja, linganisha uzito na uzito.

Ukiona wako ni rahisi, oka. Ukiona wa dukani ni rahisi, usikate tamaa mapema. Jaribu kuoka mikate miwili mfululizo, kwa kuwa sufuria na mchanga vimekwisha kupata moto, na wa pili hutaka makaa machache. Hesabu tena. Ikiwa bado wa dukani ni rahisi, nunua wa dukani, na uoke siku ya sikukuu au duka linapokuwa mbali. Hesabu haina upendeleo. Na yule anayetaka kuuza mikate kwa majirani asianze kabla daftari lake halijamwonyesha mikate mizuri mitano mfululizo. Mteja hula mkate mbichi mara moja tu.

Mabibi na mabwana, wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka. Mkate wa sufuria waijua methali hiyo vizuri. Mpe hamira muda wake, moto muda wake, na kalamu muda wake. Kwa herini, mpaka somo lijalo.

Maswali ya kujibu katika daftari

1. Kwa nini maji ya moto hayafai kutiwa hamira?
2. Utajuaje kwamba hamira iko hai kabla ya kutumia unga?
3. Kazi ya mchanga ndani ya sufuria kubwa ni nini?
4. Una makaa 18. Utaweka mangapi chini, na mangapi juu?
5. Kwa nini ni hatari kuoka kwa makaa ndani ya chumba kilichofungwa?
6. Andika bei za vitu vyote vya mkate mmoja kama zilivyo mahali pako, uzijumlishe. Je, gramu 100 za mkate wako zagharimu kiasi gani?