Vitabu Vifupi vya Sheria za Eklezya



Wakristu wapendwa, mwajua kwamba Eklezya Takatifu ina sheria zake, nazo huitwa kanoni. Je, tangu mwanzo sheria hizo zilikuwa katika kitabu kimoja? La, hazikuwa. Kitabu kimoja cha kuzipanga zote na kufuta mikusanyo ya kale kilitangazwa na Papa Benedikto XV mwaka 1917, na kile kinachofuatwa leo ni cha Papa Yohane Paulo II, cha mwaka 1983. Zamani sheria zilitawanyika: hapa amri ya mtaguso, pale barua ya Papa, penginepo neno la Mtakatifu Augustino. Maaskofu na walimu ndio waliozikusanya katika vitabu vilivyoandikwa kwa mkono.

Vitabu hivyo vilikuwa vikubwa mno. Askofu Burchard wa Worms, katika Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 11 alitunga mkusanyo wa vitabu 20. Mwishoni mwa karne hiyo Askofu Ivo wa Chartres, katika Ufaransa, alitunga mwingine wenye sura zaidi ya 3,700. Nani angeweza kuwa nao? Kila ukurasa ulikuwa ngozi ya kondoo au ya ndama, iliyolowekwa, ikakwanguliwa, ikakaushwa. Na kila neno liliandikwa kwa kalamu ya unyoya. Kitabu kizima kilidai kundi la wanyama na miezi mingi ya kazi. Padri wa parokia maskini asingeweza hata kukitamani.

Kwa hiyo watu walifupisha. Kutoka katika mkusanyo mkubwa wa Chartres kulipatikana kitabu kidogo, Panormia, ambacho kwa desturi huhesabiwa kuwa kazi ya Ivo yeye yule, nacho hakifiki hata theluthi ya kile cha kwanza. Tazameni yaliyotukia: nakala za kitabu kikubwa zilizobaki mpaka leo ni chache tu, lakini za Panormia ni zaidi ya mia moja. Kilicho kidogo ndicho kilichosafiri.

Lakini kufupisha sheria si kazi nyepesi. Mfano ni huu. Karibu na mwaka 1140, mjini Bologna katika Italia, mwalimu jina lake Gratianus alitunga mkusanyo uliowashinda wote waliotangulia. Katika sehemu yake ya pili aliweka kesi 36, na katika kesi ya 31 aliuliza: je, yafaa binti aozwe kwa mtu asiyemtaka? Alijibu kwamba haifai. Watu waungane kwa hiari yao. Tena akatia barua ya Papa Urbano II kwa Sancho, mfalme wa Aragon, katika Hispania. Mfalme huyo, akibanwa na shida, aliahidi kumwoza askari mmoja binti wa jamaa yake. Binti akakataa. Papa akamwandikia mfalme kwamba, akiendelea kukataa, asilazimishwe.

Sasa tuseme mfupishaji ameketi na ngozi yake imebaki kidogo. Ataandika nini? Akiiandika kanuni peke yake, maana yabaki. Lakini binti ametoweka, na mfalme naye ametoweka, na padri anayebishana na baba mkali hana tena habari ya kumwonyesha kwamba hata mfalme alizuiwa. Mfupishaji hakusema uongo hata neno moja, walakini mwenye kuhitaji msaada amepunguziwa nguvu. Ndiyo sababu kazi hiyo ilitaka mtu mwenye elimu. Mmoja wao alikuwa Omnebene, mwalimu wa Bologna, aliyekifupisha kitabu cha Gratianus mwaka 1156, kisha akawa askofu wa Verona.

Lipo jambo jingine, nalo la ajabu. Katika maktaba za Admont, Barcelona, Firenze na Paris zilikuwamo nakala fupi za kitabu cha Gratianus. Zilidhaniwa kuwa mafupisho, au nakala zisizokamilika. Mwaka 1996 mtaalamu Anders Winroth alionyesha kwamba hazikupunguzwa. Ndizo kitabu chenyewe cha kwanza! Kile kirefu, ambacho shule zote zilikitumia, kilipata kuongezwa baadaye mpaka kikakaribia kuwa mara mbili.

Alijuaje? Fikirini nyumba ya vyumba viwili. Kama ilikuwa na vinne, vikabomolewa viwili, utaona kovu ukutani na mlango usiokwenda popote. Lakini kama iko nzima, na ile ya vyumba vinne ina ukuta uliopita mbele ya dirisha, utajua kwamba ile kubwa ndiyo iliyoongezwa. Ndivyo ilivyo katika vitabu hivi. Katika kifupi maneno ya mwalimu yafuatana sawasawa. Katika kirefu kanoni nyingine zimeingizwa katikati, hata hoja yake yakatika. Tena katika baadhi ya nakala hizo fupi, mtu aliandika pembezoni au mwishoni zile kanoni zilizokosekana, ili asilazimike kununua kitabu kipya. Mimi namwona mtu huyo kuwa mwenye akili sana.

Wala mambo hayajaisha. Katika monasteri ya kale ya Sankt Gallen, nchini Uswisi, kuna nakala fupi zaidi ya hizo, nambari 673. Mwaka 1999 mtaalamu Carlos Larrainzar alisema kwamba hiyo ndiyo rasimu ya kwanza kabisa ya Gratianus. Wengine, na Winroth mmoja wao, wajibu kwamba hiyo kweli ni ufupisho, kwa maana makovu ya kukatwa yaonekana. Wote wameshika ngozi ile ile, wamesoma mistari ile ile, na hata sasa hawajapatana.

Katika somo lijalo, Mungu akipenda, tutasema juu ya hiari ya bwana arusi na bibi arusi katika sakramenti ya Ndoa.