Utamsifu Nani?

Huku Kisumu na kandokando ya Ziwa Victoria, nyatiti haisikilizwi kwa kunyamaza tu. Wimbo ukiwa umekolea, msikilizaji huinuka, humtuza mpigaji, nyuzi nane hutulia, naye hujisifu mbele ya watu. Waluo huita desturi hiyo pakruok. Hata wapiga gitaa wa benga wameirithi.

Ni desturi ya furaha. Lakini anayengojea zamu ya jina lake tu, wimbo humpita. Hali hiyo twaijua hata kwenye harambee za kanisa. Yuko na mwingine: hutoa fedha zake, akamsifu rafiki au mama aliyemlea, kisha huketi akasikiliza mpaka mwisho.

Ndugu yangu, ukiinuka leo, utamsifu nani?